Mashine ya pumzi ikibaki nyumbani

Simu ya msiba iliingia saa mbili usiku. Shangazi yetu wa Ujiji alikuwa ametangulia mbele za haki. Alfajiri iliyofuata mimi na baba mdogo tulikuwa tayari Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, yeye akiwa na begi dogo lenye kanzu mbili, koti na dawa zake za presha. Mashine yake ya kupumulia ilibaki chumbani, juu ya kigoda kando ya kitanda.

Nilimuuliza. Akanijibu kwa sauti ya chini ili abiria wa jirani wasisikie: “Msibani tunalala kwenye mkeka, mwanangu. Nitalichomeka wapi dubwana lile? Siku nne tu hizi, zitapita.”

Zilipita, lakini vibaya. Usiku wa kwanza ndani ya basi alikoroma hadi kijana wa kiti cha nyuma akaomba ahamishwe. Usiku wa pili, chini ya turubai pale Ujiji, watani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakavuta mikeka yao mbali naye. Kufikia siku ya nne alikuwa anaamka na kichwa kinauma, mdomo mkavu, na akikaa tu anasinzia, hata katikati ya kisomo.

Siku ya tano aliazima gari tukaenda Kasulu kumpa pole ndugu mgonjwa ambaye hakuweza kuja kuzika. Tukirudi alasiri, tulipokaribia Kidahwe, nilisikia majani na kokoto zikigonga chini ya gari. Matairi ya kushoto yalikuwa yameshatoka barabarani. Baba mdogo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yamefumba.

Nilipiga kelele, akashtuka, akalirudisha gari barabarani. Viti vya nyuma walikaa watoto wawili wa marehemu. Hakuna aliyeumia. Alisimamisha gari, akashuka, akanikabidhi funguo bila kusema neno.

Nimemjua miaka yote kama dereva mwangalifu kuliko sisi vijana. Kilichotaka kutuua siku ile ni usiku nne bila mashine.

Koo linapojifunga

Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wanene, wenye shingo nene, wenye taya dogo au mafindofindo makubwa, njia ya hewa hulegea hadi ikaziba kabisa. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unamshtua mtu kwa kitambo kidogo, anakoroma kwa mshindo, anavuta pumzi, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Anayekumbuka ni mke aliyelala pembeni akihesabu.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huihesabu kuwa tukio moja. Mtu mzima mwenye matukio 5 hadi 14 kwa saa ana tatizo dogo, 15 hadi 29 la wastani, 30 na kuendelea ni kubwa. Baba mdogo alipopimwa alikuwa na 41. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akituambia kuna jinamizi linalomkaba usiku, na kuna mtu alikula fedha zake kwa kulifukuza.

Ugonjwa huu huambatana na presha isiyotaka kushuka kwa dawa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, na ajali za barabarani kwa sababu ya usingizi wa mchana. Tiba inayotumika zaidi kwa wenye hali ya wastani au kubwa ni mashine ya CPAP, ambayo wengi hutamka sipapu. Mwaka 1981 Profesa Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walionyesha kwamba hewa inayosukumwa puani kwa nguvu ndogo isiyokatika inatosha kuliacha koo wazi usiku mzima. Mashine za leo ni kisanduku chenye ukubwa wa mkate, mpira mrefu na barakoa. Ndani kuna feni. Haitengenezi oksijeni wala haina mtungi. Inachukua hewa ya chumbani na kuisukuma.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hujidanganya. Mashine haiponyi. Inafanya kazi kama miwani: ukivua, unarudi ulikokuwa. Kwa watu wengi koo huanza kuziba tena usiku wa kwanza tu, na baada ya siku chache usingizi wa mchana umerudi. Kwa hiyo swali la msingi kwa anayesafiri ni namna ya kuibeba. Kuiacha si jambo la kujadili.

Safari ya pili

Tulirudi Ujiji kwa arobaini, na safari hii mashine ilikuwa nasi. Nitaeleza tulivyofanya na tulivyokosea.

Kwanza, barua ya daktari. Iwe na jina la ugonjwa, aina ya mashine na kiwango cha msukumo wa hewa ulichopangiwa. Piga picha ya barua hiyo uiweke kwenye simu. Itakusaidia kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege, kwa askari anayeshangaa begi lenye mipira na waya, na kwa daktari wa ugenini ukiugua.

Pili, mwaga maji yote kwenye kitanki kabla ya kuondoka. Maji yakibaki, begi likiinama yanaingia kwenye feni na mashine imekufa. Sisi tulisahau, tukakumbushwa na begi lililolowa tulipofika Morogoro. Bahati yalikuwa matone.

Tatu, mashine haiwekwi kwenye buti la basi. Unapotoka Kigoma, buti hilo limejaa madumu ya mawese na magunia ya dagaa, na mawese yakimwagika hayaulizi hii ni mali ya nani. Weka miguuni au juu ya kichwa chako, ndani ya ngozi au nguo laini. Na usitegemee tundu la kuchajia simu lililopo kwenye kiti. Umeme wake ni mdogo mno kuendesha feni hii. Basini mtu kama baba mdogo hulala ameketi, kiti kimeegemezwa kidogo tu, kichwa kimegeukia upande, na haendeshi gari lolote siku ya kufika mpaka apate usiku mmoja kamili na mashine yake.

Wanaokwenda kwa treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wana nafasi ya kulala kwenye behewa la vitanda, lakini wasihesabu umeme wa behewani. Safari ni ndefu na inaweza kula usiku zaidi ya mmoja, hivyo betri ni lazima.

Kwa ndege, mashine ni ya mkononi siku zote. Mizigo ya chini hurushwa, na tena hupotea. Ndege za mapangaboi zina makabati madogo, kwa hiyo piga simu shirika la ndege siku kadhaa kabla, uwaambie unabeba kifaa cha tiba. Betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini; inabebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Ikizidi saa-wati 100 unahitaji kibali cha shirika, na ikizidi 160 abiria hairuhusiwi kuipandisha. Namba hiyo imeandikwa kwenye betri yenyewe, ikiishia na herufi Wh.

Anayevuka mpaka akumbuke plagi. Sisi tunatumia mapini matatu bapa. Ukivuka Manyovu kwenda Bujumbura, au ukivuka ziwa kwenda Kalemie, utakuta matundu ya mapini ya duara. Adapta nyingi za mashine hizi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo unachohitaji ni kigeuza plagi cha bei ndogo tu, lakini soma kwanza maandishi ya nyuma.

Hesabu ya betri

Mkoa wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa katika miaka ya karibuni. Mjini hali imebadilika. Hata hivyo umeme hukatika kama kwingine, na vijiji vya mwambao ni habari tofauti. Baada ya arobaini tulipaswa kwenda Mwamgongo, upande wa pili wa Gombe, kwa wakwe wa marehemu. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na sola ya taa tatu.

Aliyetusaidia ni kijana wa mwalo wa Kibirizi anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Zamani mitumbwi ile iliwaka karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri. Mwambao huu una watu wanaojua betri kuliko mafundi wengi wa mjini, na nakushauri uwatafute.

Hesabu yenyewe ni hii. Adapta imeandikwa wati 65 au 90, lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa. Feni peke yake, hita ya maji ikiwa imezimwa, kwa kawaida hula kama wati 10 hadi 20 kutegemea msukumo. Chukua 15, zidisha kwa saa 8 za usingizi: 120. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini betri za kawaida za maji zinaharibika haraka zikinyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Ondoa kinachopotea njiani, utapata usiku minne hivi. Ukiwasha hita, hesabu inavunjika na betri ileile inaweza isimalize usiku wa pili. Betri ndogo ya pikipiki haikufikishi asubuhi hata hita ikiwa imezimwa.

Mashine nyingi hutumia volti 24, nyingine 12, hivyo usiunganishe waya moja kwa moja kwenye betri kwa kubahatisha. Kuna kigeuzi maalumu cha kila aina ya mashine. Inveta za bei rahisi zinaweza kuunguza hita, na zinapoteza umeme. Fanya jaribio nyumbani usiku mmoja mzima kabla ya safari. Jaribio letu la kwanza liliishia saa tisa usiku, kumbe hita ilikuwa imewashwa.

Umeme ukikatika ukiwa umevaa barakoa hutakosa hewa ukafa, kama shangazi zangu walivyohofia. Barakoa zina matundu ya kutolea hewa, zile za kufunika pua na mdomo zina na kivalvu cha dharura, na kwa kawaida mtu huamka mwenyewe. Unaivua, unalala ubavu.

Jambo la hatari ni lingine. Mashine inasukuma hewa ya chumba. Jenereta likinguruma chini ya dirisha, au jiko la mkaa likiachwa chumbani wakati wa baridi, sumu isiyo na harufu inaingia, na mashine haina uwezo wa kuichuja. Jenereta likae mbali na madirisha na milango, jiko litoke nje. Moshi wa ubani na wa dawa za mbu hauui hivyo, lakini unajaza chujio na kuwasha koo. Lala ndani ya chandarua, mpira uupitishe chini ya pindo lake, mashine ikae chini kuliko kichwa ili maji yanayojikusanya yasirudi puani. Chujio likiwa na vumbi la barabara ya vijijini, libadilishe.

Kwenye boti la abiria kutoka Kibirizi tuliifunga mashine ndani ya mifuko miwili ya nailoni, tukaiweka kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ikafungwa kamba kwenye ubao. Mawimbi ya Tanganyika mchana wa upepo hayana adabu.

Maji ya kitanki

Kitanki kinataka maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, yasiyo na madini. Usitumie maji ya ziwa hata yakichemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini madini yanabaki na kuganda kama utando mweupe.

Na tafadhali, usinunue “maji ya betri” kwenye kituo cha mafuta. Chupa nyingine zina maji safi, nyingine zina asidi, na zinafanana. Vilevile maji ya dripu yana chumvi au sukari, si ya mashine hii. Ukikosa maji sahihi kwa siku mbili tatu, maji ya kunywa ya chupa yanavumilika, mradi uyamwage kila asubuhi, ukaushe kitanki, na ukirudi nyumbani ukisafishe kwa siki iliyochanganywa na maji kisha ukisuuze vizuri. Au acha kitanki kitupu kabisa. Baba mdogo alilala Mwamgongo bila maji. Koo lilikauka kidogo, basi.

Mashine ya ndugu wa ughaibuni

Mashine mpya ni ghali, kwa hiyo wengi huletewa iliyotumika kutoka Uarabuni au Ulaya. Siwalaumu. Lakini Juni 2021 kampuni ya Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine zake, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sifongo ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inaweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Ukiletewa ya namna hiyo, tazama aina na tarehe ya kutengenezwa kabla ya kuivaa. Barakoa nunua mpya. Msukumo upangwe upya na mtaalamu, kwa sababu koo la shemeji yako aliyeko Muscat si koo lako. Mwenye betri ya moyo, au mtoto anayelala naye akiwa nayo, aulize pia kuhusu barakoa zenye sumaku.

Ikitokea umekwama bila mashine, lala ubavu, inua kichwa na kifua kwa mito, usiguse pombe, dawa za usingizi wala vidonge vya kichefuchefu vinavyolewesha. Na usiendeshe.

Mkeka na barakoa

Kilichomfanya baba mdogo aache mashine mara ya kwanza hakikuwa umeme. Ilikuwa aibu. Mwanaume wa miaka 58, mwenye heshima zake, avae kitu kama pua ya tembo mbele ya shemeji na wakwe? Safari ya pili nilimtangulia kumweleza mjomba mwenye nyumba, kwa faragha, kwamba baba anatumia kifaa cha hospitali na anahitaji kona yenye soketi. Mjomba hakuuliza mengi. Tulipewa stoo ya mahindi, ikafagiliwa, godoro likatandikwa. Watoto walichungulia usiku wa kwanza. Usiku wa pili walikuwa wameshachoka. Watani walisema anaongea na Ulaya. Alicheka nao, na asubuhi aliamka kabla yao.

Siku ya kisomo, jirani wa marehemu, bibi mmoja anayeuza mawese, alinivuta kando ya mwembe.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hilo lidude la baba yako, na watoto wanavaa?”

Mjukuu wake ana miaka sita. Analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, anatoka jasho, anakoroma kama mtu mzima, kisha kimya. Ameanza tena kukojoa kitandani, na mwalimu analalamika kwamba hatulii darasani. Watu wamemshauri bibi ampeleke kwa fundi akakatwe kimeo.

Nilimwambia wazi: asikatwe. Kukata kimeo mtaani hakufungui njia ya hewa, na watoto hufa kwa kutoka damu na kwa vidonda vilivyooza. Kwa watoto chanzo kikubwa ni nyama za pua na mafindofindo yaliyokua, na mara nyingi upasuaji wa hospitali wa kuviondoa unatosha bila mashine yoyote. Mtoto mwenye shida hii hasinzii mchana kama mtu mzima; anahangaika, hasikii, hakui vizuri, na wazazi humchapa kwa utundu. Wenye selimundu na wenye ugonjwa wa Down wako hatarini zaidi. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri watoto wa Down wapimwe usingizi kabla ya kutimiza miaka 4. Wachache huhitaji mashine, na kwa hao barakoa hubadilishwa kadiri uso unavyokua.

Aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, nikamwambia, na akifika asiseme tu “anakoroma”, maana atajibiwa kuwa watoto hukoroma. Aseme “anaacha kupumua usingizini”, na awe na video.

Bibi hana simu ya kurekodi. Usiku ule baba mdogo alimpa mwanawe ya kwake. Asubuhi ilirudi ikiwa na video ya dakika mbili, yenye giza na chandarua kikitikisika. Baba mdogo aliitazama mara moja, akihesabu kwa vidole pale palipokuwa kimya. Alifika kumi na nne. Akafuta miwani, akasema basi letu lisogezwe mbele. Jumatatu atawasindikiza Maweni mwenyewe.